Kutoka Burbank hadi Matangani: Mwitikio wa Mashabiki kwa Kukutana Tena kwa Wahusika wa Vichekesho vya Runinga, Ukitazamwa kutoka Kuluva

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna mashabiki wanavyopokea kukutana tena kwa wahusika wa vichekesho maarufu vya runinga baada ya vichekesho hivyo kukoma. Mfano wa kwanza ni kipindi maalumu cha Friends: The Reunion, kilichooneshwa nchini Marekani Mei 27, 2021. Mfano wa pili ni maombolezo ya waigizaji wawili wa vichekesho vya Kiswahili nchini Kenya: Benson Wanjau, yaani Mzee Ojwang, aliyefariki mwaka 2015, na Charles Bukeko, yaani Papa Shirandula, aliyefariki mwaka 2020. Kwa kuongozwa na Nadharia ya Upokezi, makala inajenga hoja kwamba katika Afrika Mashariki kazi ambayo kwingineko hufanywa na kipindi cha kukutana tena hufanywa na matanga. Mashabiki wetu nao hukutana na wahusika wao, lakini hukutana nao wakati mwigizaji hawezi tena kusikia anachoambiwa. Makala inaitazama mifano hii kutoka Kuluva, katika mkoa wa West Nile nchini Uganda, mahali ambapo mtazamaji hakuwa sehemu ya hadhira ya kwanza ya kipindi chochote kati ya hivyo. Inahitimisha kwa kupendekeza kwamba wakongwe wa vichekesho vya Kiswahili wakutanishwe na kurekodiwa wangali hai.

Istilahi muhimu: mashabiki, upokezi, vichekesho vya runinga, kukutana tena, matanga, Vitimbi, West Nile

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba milima haikutani, binadamu hukutana. Methali hii husemwa na mtu anayeagana na mwenzake, au na aliyekutana na rafiki baada ya miaka mingi ya kutengana. Katika utamaduni wa runinga wa siku hizi, methali hii imepata uwanja mpya. Vituo vya runinga vimegundua kwamba tamthilia ya vichekesho iliyokoma miaka kumi au ishirini iliyopita inaweza kuwarudisha watazamaji kwa usiku mmoja, ikiwa waigizaji wake watakubali kukaa tena pamoja mbele ya kamera.

Kwa madhumuni ya makala hii, kipindi cha kukutana tena ni kipindi cha pekee ambamo waigizaji wa tamthilia ya vichekesho iliyokoma hurudi pamoja, ama kwa kuigiza upya wahusika wao au kwa kuwazungumzia. Jambo la kuzingatia ni kwamba kipindi kama hiki hakina hadithi mpya ya kusimulia. Mtazamaji anajua kila kitu kabla hajaketi. Anawajua wahusika, anaujua mwisho wao, na vichekesho vyao anavikariri. Hata hivyo hukesha akingoja. Swali linalozuka ni hili: mashabiki hawa hukutana na nani hasa?

Afrika Mashariki ina vichekesho vyake vya kale. Kenya ina Vitimbi na Vioja Mahakamani, vilivyozaliwa katika enzi ya Sauti ya Kenya kabla ya shirika hilo kuitwa KBC mwaka 1989. Ina pia Papa Shirandula, kilichooneshwa na Citizen TV kuanzia muongo wa kwanza wa karne hii. Tanzania ina Ze Comedy na kizazi cha wachekeshaji waliotangulia kama Mzee Small na King Majuto. Uganda inakumbuka That's Life, Mwattu ya kundi la The Ebonies. Vichekesho hivi vina mashabiki wa kudumu, lakini kipindi cha kukutana tena, kwa maana iliyotolewa hapo juu, si desturi iliyoota mizizi kwetu. Makala hii inadai kwamba desturi hiyo ipo kwa sura nyingine, na kwamba sura hiyo ni matanga.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Makala inaongozwa na Nadharia ya Upokezi, hasa dhana ya upeo wa matarajio iliyoasisiwa na Hans Robert Jauss. Kwa mujibu wa dhana hii, msomaji au mtazamaji haiendei kazi ya sanaa akiwa mtupu. Huja na matarajio yaliyojengwa na kazi alizokwisha kuzipokea, na maana ya kazi mpya hutokana na jinsi inavyotimiza, kuvunja au kupanua matarajio hayo. Katika kipindi cha kukutana tena, upeo huu haujengwi na kazi za watu wengine. Hujengwa na kazi ileile, jinsi mtazamaji alivyoihifadhi moyoni.

Dhana ya pili ni ya Donald Horton na R. Richard Wohl, ambao mwaka 1956 walieleza uhusiano unaojengeka kati ya mtazamaji na mtu wa runinga. Makala hii inauita usuhuba wa upande mmoja. Mtazamaji humjua mhusika, humpenda, humkasirikia na kumsamehe, ilhali mwigizaji hajui hata kwamba mtazamaji huyo yupo. Dhana ya tatu ni ya Svetlana Boym (2001), aliyetofautisha hamu ya kale inayotaka kuyarudisha yaliyopita kama yalivyokuwa, na ile inayokubali kwamba yamepita na kutafakari umbali uliopo. Mashabiki wanaozungumziwa hapa hubeba aina zote mbili, aghalabu katika jioni moja.

Data imetokana na rekodi za umma: vipindi vyenyewe, taarifa zilizotangazwa kuhusu vifo na mazishi, na mijadala ya wazi iliyofuata.

3.0 Kukutana Burbank

Friends ilioneshwa na kituo cha NBC kuanzia Septemba 22, 1994 hadi Mei 6, 2004, katika misimu kumi yenye vipindi 236. Inasimulia maisha ya vijana sita wa New York, ingawa ilirekodiwa Burbank, California, mbele ya hadhira iliyoketi studioni. Kipindi cha mwisho kilitazamwa na watu wapatao milioni 52 nchini Marekani. Kipindi cha kukutana tena kilipangwa kutolewa mwaka 2020, pamoja na uzinduzi wa jukwaa la HBO Max, lakini janga la UVIKO-19 likakiahirisha. Hatimaye kilitoka Mei 27, 2021, mwaka mmoja kamili baada ya uzinduzi huo. Kiliongozwa na Ben Winston, na sehemu ya mazungumzo ikaendeshwa na James Corden. Mwitikio wa mashabiki unaweza kugawanywa katika mafungu manne.

3.1 Furaha ya kuiona nyumba

Watayarishaji walivijenga upya vyumba vya tamthilia ndani ya studio ileile namba 24. Waigizaji waliingia mmoja baada ya mwingine, wakagusa viti, wakasimama mlangoni, wakafuta machozi. Mashabiki wengi walieleza kwamba sehemu hii ndiyo iliyowagusa kuliko mazungumzo yote. Walichokiona si waigizaji tu, bali nyumba waliyoitembelea kwa miaka kumi bila kutoka makwao. Hapa ndipo hamu ya kurudisha ya kale ilipofikia kilele chake.

3.2 Majonzi ya kuuona mwili

Nyumba ilirudi vilevile, ila watu hawakurudi vilevile. Vijana wa mwaka 1994 walikuwa sasa watu wa makamo wenye umri wa miaka hamsini na zaidi. Mashabiki waliwakagua nyuso. Zaidi ya wote walimkagua Matthew Perry, aliyeigiza Chandler, ambaye usemi wake ulionekana kuwa mzito na ambaye mapambano yake na uraibu yalikuwa yamejulikana kwa miaka mingi. Yeye mwenyewe alieleza katika kipindi hicho kwamba, enzi za kurekodi, hadhira isipocheka alihisi kana kwamba atakufa. Wenzake walionekana kushangaa. Mashabiki nao waligundua kwamba kicheko walichokitoa kwa miaka yote hiyo kilikuwa kimebeba uzito wasioujua.

3.3 Shauku ya kuthibitisha

David Schwimmer na Jennifer Aniston, walioigiza wapenzi Ross na Rachel, walikiri kwamba mwanzoni mwa tamthilia walivutiwa kimapenzi wao kwa wao, ingawa hawakuwahi kuwa wapenzi. Kauli hii ilisambaa duniani kwa siku moja. Sababu yake haiko mbali. Shabiki aliyeamini mapenzi ya kubuni alipewa ushahidi kwamba hakuwa mjinga kuamini. Usuhuba wa upande mmoja huishi na aibu ndogo ya kupenda kisichokuwapo, na kauli hiyo iliiondoa.

3.4 Kinyongo

Si wote walioridhika. Baadhi walilalamika kwamba wageni mashuhuri na maonyesho ya mavazi yalikula muda wa wale sita. Nchini China, majukwaa ya video yaliondoa sehemu zenye Lady Gaga, Justin Bieber na kundi la BTS, na mashabiki wa huko wakanung'unika kwamba wamepewa mkutano uliokatwa. Lalamiko zito zaidi lilihusu rangi. Kwamba New York, jiji lenye watu wa asili zote, lingeoneshwa kwa miaka kumi kupitia wahusika wakuu sita Weupe watupu, ni jambo lililokuwa limesemwa tangu zamani, na kipindi cha mwaka 2021 kiliamsha upya mjadala huo bila kuujibu. Mwaka uliofuata, Marta Kauffman, mmoja wa waasisi wa tamthilia hiyo, alikiri kosa hilo hadharani na kuahidi dola milioni 4 kwa Chuo Kikuu cha Brandeis kwa ajili ya masomo ya Waafrika na Wamarekani Weusi.

Oktoba 28, 2023, Perry alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 54. Mashabiki walikwenda New York, kwenye jengo la mtaa wa Bedford ambalo sura yake ya nje ilitumiwa katika tamthilia, wakaweka maua na barua. Perry hakuwahi kuishi humo, wala tamthilia haikurekodiwa humo. Waliokwenda pale walijua hayo yote. Walikwenda kuomboleza nyumbani kwa Chandler, kwa kuwa Chandler ndiye waliyemjua. Tendo hili, ambalo kwa Wamarekani lilionekana kuwa jipya, kwa Mwafrika Mashariki lina jina la siku nyingi: ni matanga.

4.0 Kukutana Matangani

4.1 Ojwang na lafudhi yake

Benson Wanjau alifariki Julai 12, 2015 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, akiwa na umri wa miaka 78. Taarifa zilizotangazwa hazikusema Wanjau amefariki. Zilisema Mzee Ojwang amefariki, na jina la kuzaliwa likafuata baadaye kama maelezo. Kwa miongo mitatu hivi alikuwa mume wa Mama Kayai, mhusika aliyeigizwa na Mary Khavere katika Vitimbi. Alikuwa mzee wa koti lililompwaya na miwani mikubwa, aliyezungumza Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kijaluo.

Kwa mashabiki wengi, msiba huo ulileta ugunduzi: Ojwang hakuwa Mjaluo. Wanjau alikuwa Mkikuyu. Ukiichunguza mijadala ya siku zile, unakuta mambo yaleyale manne yaliyojitokeza Burbank. Kulikuwa na furaha ya kuirudia nyumba, kwani vipande vya zamani vya Vitimbi vilioneshwa upya na watu wakasimuliana walivyokuwa wakitazama runinga ya jirani. Kulikuwa na majonzi ya kuuona mwili, kwani maradhi ya mzee huyo katika miaka yake ya mwisho yalikuwa yakijulikana. Kulikuwa na shauku ya kuthibitisha, safari hii kwa njia ya kinyume: mashabiki walithibitisha kwamba waliyemdhani wa kabila fulani alikuwa wa jingine, na mapenzi yao hayakupungua. Katika nchi ambayo jina la mtu huweza kuamua namna anavyopokewa, ugunduzi huo ulikuwa na uzito kuliko kichekesho chochote alichowahi kukitoa. Na kulikuwa na kinyongo, cha kuuliza kwa nini msanii wa kiwango hicho asubiri jeneza ndipo taifa zima lisimame kumshukuru.

4.2 Papa na matanga yaliyokatizwa

Charles Bukeko alifariki Nairobi Julai 18, 2020, katika wimbi la UVIKO-19. Katika Papa Shirandula aliigiza mlinzi anayemficha mkewe, Wilbroda, kazi yake halisi. Mkewe huamini kwamba mumewe ni mtu wa ofisini, na kila anapokaribia kuujua ukweli, Papa hulazimika kuubuni uongo mwingine. Ni kichekesho kilichosimama juu ya aibu inayojulikana vyema katika miji yetu, aibu ya mtu aliyeondoka kijijini akiahidi makubwa.

Bukeko alizikwa kaunti ya Busia Jumatatu ya Julai 20, siku mbili tu baada ya kufariki. Masharti ya afya yalizuia umati, yakaondoa mikesha, yakafupisha kila kitu. Tukumbuke kwamba janga hilohilo ndilo lililoahirisha mkutano wa Burbank. Lakini wa Burbank ulikuwa mkutano wa walio hai, na mkutano wa walio hai huweza kusogezwa mwaka mmoja mbele. Matanga hayasogezwi. Mashabiki wa Papa walibaki na simu zao, wakitumiana vipande vya video na kulaumu kwamba mtu aliyewachekesha kwa zaidi ya miaka kumi amezikwa bila wao kumwona. Ukali wa lawama hizo hauwezi kueleweka iwapo tutayachukulia mazishi kuwa tukio la familia pekee. Mashabiki walihisi kunyimwa mkutano uliokuwa haki yao.

4.3 Utani na msiba

Huenda msomaji akauliza kama ni sawa kulinganisha kipindi cha burudani na mazishi. Jibu limo katika utamaduni wa Waswahili na majirani zao. A. R. Radcliffe-Brown (1940) na R. E. Moreau (1944) waliandika kuhusu uhusiano wa utani, na Moreau alijikita katika Tanganyika. Msibani, mtani ana ruhusa asiyokuwa nayo mtu mwingine. Hutania wafiwa, hudai ada, humwiga marehemu alivyotembea, alivyokohoa na alivyogombana na wakwe. Waombolezaji hucheka huku machozi yakiwatoka, na hakuna anayemwona mtani kuwa amekosa adabu. Anayemwiga marehemu humrudisha kwa muda mfupi miongoni mwa watu wake.

Walichokifanya mashabiki wa Ojwang walipoirudia lafudhi yake na misemo yake kilikuwa kazi ya mtani. Kila aliyemwiga alimkutanisha na wengine. Kwa hiyo kukutana tena hakukukosekana kwetu. Waigizaji wenzake walirudi pamoja, wahusika wakatajwa kwa majina yao, vipande vya zamani vikaoneshwa, mashabiki wakacheka na kulia. Aliyekosekana ni mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa sababu ya wote kukutana.

4.4 Uzee kama vazi

Ipo tofauti moja ya msingi kati ya Friends na vichekesho vyetu vya kale ambayo haijatazamwa vya kutosha. Friends ni tamthilia ya ujana, na uzee wa waigizaji huisaliti. Ndiyo maana mashabiki waliukagua kila mkunjo wa uso. Vichekesho vya Kiswahili, kinyume chake, vimejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya wazee: Mzee Ojwang, Mzee Pembe, Mzee Small, King Majuto. Wanjau alipoanza kumwigiza Ojwang katika miaka ya 1980, bado hakuwa mzee. Aliuvaa uzee kama koti, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo koti lilivyomkaa vizuri zaidi. Mwigizaji wa namna hii akirudi mbele ya kamera akiwa na mvi na mkongojo, hamvunjii shabiki matarajio. Anayatimiza.

Tokeo la hoja hii ni zito. Ikiwa kuna vichekesho duniani vinavyofaa kipindi cha kukutana tena, basi ni hivi vya kwetu, kwa kuwa muda hauviharibu wahusika wake. Hata hivyo, ndivyo vilivyoachwa vikutanishwe na kaburi.

5.0 Kuutazama Mkutano kutoka Kuluva

Kuluva ni kituo kidogo kusini mwa jiji la Arua, kinachojulikana mbali kwa hospitali yake iliyoanzishwa na wamisionari. Mpaka wa Kongo uko karibu. Katika baraza moja mtu huweza kusikia Kilugbara, Kikakwa, Kialur, Kinubi, Lingala na Kiswahili kabla chai haijapoa. Kwa nini basi tutazame Burbank na Nairobi kutoka hapa?

Sababu ya kwanza ni kwamba hapa hapakuwa na hadhira ya kwanza. Uganda ilianza kurusha matangazo ya runinga mwaka 1963, lakini West Nile ilikuwa mbali na Kampala kwa masafa na kwa umeme. Kituo kidogo cha kuzalisha umeme cha Nyagak, chenye uwezo wa megawati 3.5, kilianza kazi mwaka 2012, na mkoa uliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2024. Mawimbi ya Sauti ya Kenya hayakufika huku. Vitimbi vilipokuwa vikianza kupendwa Nairobi katika miaka ya 1980, familia nyingi za Arua na Koboko zilikuwa zinarejea kutoka Zaire na Sudan, zilikokimbilia baada ya vita vya mwaka 1979 na mauaji yaliyofuata. Zilikuwa zikijenga kuta, si zikitazama runinga.

Mtazamaji wa Kuluva hukutana na Ojwang na Chandler kwa mara ya kwanza katika simu, vyote viwili vikiwa vya kale tayari. Kwa istilahi za Jauss, upeo wake wa matarajio haukujengwa na kipindi chenyewe, bali na sifa zake. Huona watu wengine wakilia, ndipo anapotafuta wanachokililia. Hili lina faida kwa mtafiti, kwani linatenganisha mambo mawili ambayo kwa shabiki wa awali yameshikamana: kukumbuka kipindi, na kukumbuka nafsi yake alipokuwa akikitazama. Mtazamaji wa Kuluva hana la pili. Akicheka, anachekeshwa na Ojwang mwenyewe.

Sababu ya pili ni uzoefu wa kukutana. John Middleton, katika kitabu chake Lugbara Religion (1960), alionesha jinsi kifo kinavyowakusanya watu wa koo waliotawanyika, wakaja na ngoma zao na madai yao. Historia ya baadaye ya kukimbia na kurejea imeipa desturi hiyo uzito zaidi. Wapo ndugu ambao hawakuonana kwa miaka mingi isipokuwa palipotokea msiba. Kwa mtu wa huku, dai kwamba matanga ni mkutano halihitaji nadharia. Na kwa sababu hiyohiyo anaijua hasara yake: kwamba aliyewakutanisha wote hakula nao, wala hakusikia alivyosifiwa.

Sababu ya tatu inahusu lugha. Nchini Uganda Kiswahili kilibeba kwa muda mrefu kivuli cha kambi za jeshi. Kilitangazwa kuwa lugha ya taifa kwa amri mwaka 1973, chini ya utawala wa kijeshi wa Idi Amin, mwenye asili ya mkoa huu. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Amri na maamuzi haya yamekipa Kiswahili hadhi, ila hayakukipa kicheko. Mwanafunzi wa Uganda hukutana na Kiswahili sanifu cha kitabuni na kuogopa kufungua kinywa, asije akachekwa kwa lafudhi yake. Ojwang ni jibu la hofu hiyo. Alipendwa na taifa zima akiwa na lafudhi ambayo mwalimu angeisahihisha. Alichekesha kwa hekima ya Kiswahili chake, na aliyecheka alikuwa amekwisha kumwelewa.

6.0 Hitimisho

Makala hii iliuliza mashabiki hukutana na nani wanapotazama kipindi cha kukutana tena. Mifano iliyochambuliwa inaonesha kwamba hukutana na nyumba waliyoizoea, na mwili uliobadilika, na uthibitisho wa mapenzi waliyoyaficha, na dosari walizokuwa hawajazisema. Mambo haya manne yalijitokeza Burbank mwaka 2021 na yakajitokeza Nairobi mwaka 2015 bila mabadiliko makubwa. Kilichotofautiana ni wakati. Huko mkutano ulitangulia kifo, na Perry aliishi zaidi ya miaka miwili akijua jinsi alivyopokewa. Kwetu kifo ndicho kilichoitisha mkutano.

Makala haipendekezi tuyaache matanga au tuige kila kilichofanywa na Wamarekani. Wageni mashuhuri na maonyesho ya mavazi tunaweza kuwaachia wenyewe. Mapendekezo ni matatu. Kwanza, vituo vya runinga na vyama vya Kiswahili viwakutanishe wakongwe wa vichekesho walio hai, viwarekodi wakizungumza juu ya kazi yao, na viwalipe kwa siku hiyo. Pili, kanda za zamani zihifadhiwe pamoja na majina yote mawili, la mhusika na la mwigizaji, ili watakaokuja wasigundue jina la Wanjau kwenye tangazo la kifo. Tatu, walimu wa Kiswahili nchini Uganda watumie vichekesho hivi darasani, hasa vyenye lafudhi mbalimbali, kwa kuwa mwanafunzi aliyecheka kwa lugha fulani hupungukiwa na sababu ya kuiogopa.

Gharama ya kipindi kama hicho si kubwa. Panahitajika chumba kimoja, viti vichache, kamera mbili na hadhira iliyo tayari kucheka. Kinachokosekana si fedha kwanza, bali mazoea ya kumshukuru msanii akiwa ameketi mbele yetu. Muda wa kuyajenga mazoea hayo unapungua kila mzee mmoja anapoondoka.